Mtalii wa Ndani Huchaguaje pa Kwenda? Maswali Tunayoulizwa Sana Moshi

Nilianza kama mgumu, nikibeba mizigo ya wageni kwenye Mlima Kilimanjaro, njia ya Machame, baadaye nikawa mwongoza watalii. Mwaka 2020 wageni walipopotea (nchi nzima tulipokea watalii wa nje 620,867 tu, wakati mwaka wa kabla yake walikuwa zaidi ya milioni 1.5) nikaanza kupanga safari za Watanzania wenzangu, na mpaka leo ndiyo kazi yangu kubwa. Wanaoniuliza maswali haya ni watu wa aina tatu: wanaotaka kusafiri na hawajui waanzie wapi, wenye magari na nyumba za wageni wanaotaka kujua Mtanzania anatafuta nini, na wanafunzi wa vyuo vya huku, Mweka (wanyamapori) na Ushirika, wanaoandika tafiti zao. Wote nimewajibu hapa.

Mtalii wa ndani ni nani? Nikienda kwetu Rombo kula Krismasi, na mimi ni mtalii?

Ndiyo, na wewe ni mtalii. Kwa hesabu za kimataifa, mtalii wa ndani ni mkazi wa nchi anayesafiri ndani ya nchi hiyohiyo, akatoka nje ya mazingira yake ya kila siku, akalala huko angalau usiku mmoja na asizidi mwaka, mradi hakwenda kuajiriwa. Aliyekwenda na kurudi siku ileile ni mtembezi wa siku. Kuwatembelea ndugu ni sababu inayohesabika kama ilivyo kwenda kuona tembo.

Kwa hiyo yule anayetoka Mbagala alfajiri, akapanda basi Mbezi wiki ya Krismasi kuja uchaggani “kuhesabiwa”, ni mtalii wa ndani hata kama hajawahi kujiita hivyo. Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu wengi katika biashara yetu humsahau mtu huyu. Desemba Moshi hujaa mpaka foleni zinafika mahali ambapo mwaka mzima hakuna foleni. Watu hao wana siku saba au kumi, wana watoto wanaochoka kukaa migombani, wengine wamekuja na magari yao. Wengi hurudi Dar bila kufika hata geti la Marangu, ambalo kwa baadhi yao ni mwendo wa dakika ishirini kutoka kwa bibi. Hakuna aliyewaambia kwamba wanakaribishwa.

Kitu gani hasa kinaamua mtu aende wapi?

Watu atakaokwenda nao. Nalisema hili mbele ya jingine lolote kwa sababu ndilo nililojifunza kwa simu ninazopokea.

Simu ya kawaida huwa hivi: “Kaka, shikamoo. Sisi ni kina mama kumi na wanane, tunavunja kikoba mwezi wa kumi na mbili. Tuna Jumamosi moja, Coaster tumeshapata. Unatupeleka wapi?” Sikiliza mpangilio wake. Watu wametangulia, ikafuata siku, likafuata gari, na mahali pamekuja mwisho. Mgeni wa nje huniandikia kinyume kabisa: anataka Serengeti, nyumbu wakivuka mto Mara, kisha ndipo tunahesabu siku na magari. Ni nadra sana nipigiwe simu na Mtanzania inayoanza na jina la hifadhi.

Ukishaelewa hilo, mengine yanafunguka. Kwaya inasafiri baada ya tamasha, walimu wanasafiri shule zikifungwa, waliosoma pamoja wana kundi la WhatsApp na mwaka huu wameamua kukutana. Ndani ya kundi kuna mama mwenye magoti mabovu, kuna aliyekuja na mtoto wa miaka miwili, kuna asiyekula nyama asiyojua imechinjwa na nani, kuna anayeogopa maji. Kundi la namna hiyo halichagui mahali panapopendwa kuliko pote. Linachagua mahali ambapo hapana mtu wa kupakataa. Nimeona safari nzuri ya Tarangire ikibadilishwa usiku wa manane ndani ya WhatsApp kwa sababu mtu mmoja mwenye heshima katika kundi aliuliza, “Na vyoo je?”

Si bei? Watu wanasema hifadhi ni ghali.

Bei ipo, ila watu wanakosea mahali ilipo. Kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki hulipwa kwa shilingi, na katika hifadhi nyingi za kaskazini hakifiki shilingi 15,000 kwa mtu mzima kwa siku. Watoto hulipa pungufu, na wa chini ya miaka mitano hawalipi. Mgeni wa nje kiwango chake ni kikubwa kuliko hicho mara kadhaa. Kila ninapowaambia watu hivi, kuna anayeniuliza kama nina uhakika, maana alishasikia bei ya mzungu akadhani ni yake.

Kinachomaliza hela ni gari na mahali pa kulala. Kutoka Arusha mpaka lango la Tarangire ni kilomita 120 hivi, karibu zote lami. Mpaka lango la Manyara pale Mto wa Mbu ni 126, lami tupu. Ngorongoro lami inakufikisha getini, lakini kushuka kreta unahitaji gari lenye nguvu magurudumu yote manne, na gari lenyewe linalipiwa ada yake ya kushuka. Kwa hiyo hesabu ya mtalii wa ndani ni kugawanya gari kwa vichwa. Gari la watu saba likibeba watatu, safari imekufa kabla haijaanza. Likibeba saba, kila mmoja akachanga kidogo kidogo kwa simu miezi mitatu, mtunza hazina akatuma orodha kila Ijumaa, safari ile inakwenda. Wakati mwingine kinachoamua safari ni yule mtunza hazina kuliko mbuga yenyewe.

Mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, getini hawapokei pesa taslimu. Unalipa kwa kontroo namba au kadi. Pili, beba kitambulisho cha NIDA, kila mtu mzima na chake, maana bei ya raia ni ya anayethibitisha uraia. Nimewahi kusimama getini saa nzima na kikundi kwa sababu watu wawili waliacha vitambulisho nyumbani.

Mbona Chemka hujaa Watanzania, Ngorongoro wanakuwa wachache?

Swali hili wenzangu wa hoteli huliuliza kwa masikitiko, na mimi sioni cha kusikitikia.

Chemka, yaani chemchemi za Kikuletwa upande wa Rundugai, wilaya ya Hai, inafikika kwa kukata kutoka Boma Ng'ombe na kufuata njia ya vumbi. Jina linadanganya kidogo, maji hayachemki. Ni ya uvuguvugu, na ni maangavu kiasi kwamba unaona mchanga wa chini. Mizizi ya miti imeshika kingo, kuna kamba ya kujirusha. Ukifika unavua viatu na kuingia. Watoto wanapiga kelele na hakuna anayewanyamazisha. Mama mkwe anakaa kivulini na kuangalia. Nyama inachomwa. Siku imeisha na kila mtu amefanya kitu kwa mikono na miguu yake.

Ngorongoro ni ajabu ya dunia, sipunguzi hata neno. Kreta ina eneo la kilomita za mraba 260 hivi, kina chake ni kama mita 600, na imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1979. Lakini siku ya Ngorongoro unaipitisha ndani ya gari, unateremka sehemu zilizoruhusiwa tu, unanong'ona simba asisumbuke. Kwa mtu anayesafiri kwa ajili ya kutazama, hiyo ni pepo. Kwa kundi lililosafiri ili likae pamoja, kucheka na kula, ni siku ndefu. Kikundi kinachotaka Ngorongoro mimi hukipangia mlo mkubwa kwenye eneo la mapumziko ndani ya kreta, na jioni tunalala Karatu watu wakae waongee. Tangu nianze hivyo sijasikia tena mtu akisema “tulikaa tu kwenye gari”.

Kuhusu Chemka, naomba jambo moja kwa moyo wote: chupa ulizokuja nazo ondoka nazo, na asiyejua kuogelea asiachwe peke yake hata dakika moja. Maji yale yanaonekana mafupi kwa sababu ni maangavu.

Nani huamua ndani ya familia?

Baba hulipa, mama huamua, watoto hushinikiza. Mtoto akirudi shuleni akasema wenzake wamemwona twiga, jambo hilo haliishi mpaka mmeenda. Ndiyo maana ziara za shule zina thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani: basi moja la darasa la tano linabeba familia hamsini za kesho.

Mitandao ya kijamii ina nguvu kiasi gani?

Inafungua macho. Mtu anaona picha ya rafiki kwenye status akiwa Materuni chini ya maporomoko, naye anaanza kuuliza. Kutamani kwamba “na mimi nilifika” ni sababu ya kweli, isidharauliwe. Watu wamesafiri kwa ajili ya heshima tangu zamani. Ila kati ya kutamani na kutoa hela, Mtanzania humtafuta mtu anayemwamini aliyekwishafika. Atampigia: barabara ikoje, chakula je, walikupokea vizuri? Jibu la huyo mtu lina uzito kuliko picha elfu.

Na picha hupotosha. Wengi huja Moshi wakiulizia pale pa tembo wanaotembea huku Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye theluji, iko nyuma yao. Picha hiyo maarufu hupigwa Amboseli, upande wa Kenya. Ukimleta mtu kwa picha ambayo hatayaona yaliyomo, umempoteza yeye na wote atakaowasimulia.

Naandika utafiti. Wasomi wanasemaje?

Msingi ambao utaukuta kila mahali ni wa vitu viwili: kinachomsukuma mtu kutoka nyumbani na kinachomvuta aende mahali fulani. Graham Dann aliuandika mwaka 1977. Mwaka 1979 John Crompton akaeleza nia tisa, saba za kijamii na kisaikolojia (kukimbia mazingira ya kila siku, kujitafakari, kupumzika, kutafuta hadhi, kurudia utoto, kuimarisha undugu, kukutana na watu) na mbili za kiutamaduni, yaani kutafuta jipya na kujifunza. Mwaka 1990 Crompton na Seoho Um wakaonyesha kwamba uchaguzi huenda kwa hatua: mtu ana orodha ya mahali anapopajua, anaichuja ikawa fupi ya mahali anapopafikiria kweli, mwisho anabaki na mahali pamoja tu.

Hatua ya kwanza ndiyo inayotuumiza. Nimekutana na watu waliozaliwa Arusha mjini wasiojua kwamba Ziwa Duluti ni ziwa la kreta, na liko Tengeru, pembeni mwa barabara wanayopita kila wakienda Moshi. Mahali ambapo hapamo katika orodha ya mwanzo hapawezi kuchaguliwa, hata pakiwa bure.

Ushauri wangu kwa wanafunzi: usichukue dodoso lililotengenezwa kwa wageni wa nje ukalitafsiri. Litamuuliza mama wa kikoba kuhusu ubora wa uwanja wa ndege. Ongeza maswali yetu: Nani alikualika? Nani alilipa? Uligombana na nani kuhusu mahali pa kwenda? Ulibeba chakula? Undugu katika orodha ya Crompton ni nia moja kati ya tisa. Kwa ninavyoona mimi huku, ndiyo iliyobeba nyingine.

Kwa nini sisi wa Moshi hatupandi mlima wetu?

Wengine wanapanda, tena zaidi kila mwaka, hasa Desemba kuelekea siku ya Uhuru. Tarehe hiyo ina asili yake: usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alifikisha bendera na mwenge wa Uhuru Kibo. Nimewaona watu wazima wakilia kileleni asubuhi ya tarehe hiyo, na mita 5,895 si mahali ambapo mtu ana pumzi ya kuigiza.

Lakini wasiopanda wana sababu. Siku tano mpaka nane ni sehemu kubwa ya likizo ya mwajiriwa. Gharama si kiingilio tu. Kuna kulala, uokoaji, mwongozaji, wagumu, mpishi, nguo za baridi. Kuna hofu ya kimo, na hofu hiyo ni ya haki, kimo kinaua asiyekiheshimu. Na kuna jambo moja ambalo halisemwi sana: kwa familia nyingi za Marangu na Machame mlima ni mahali pa kazi. Baba aliupanda na mzigo kichwani ili ada ipatikane. Ukimwambia mwanawe akaupande kwa starehe na alipie, lazima kwanza kitu fulani kigeuke ndani yake. Mimi mwenyewe kilichukua miaka.

Anayetaka kuonja, aende siku moja. Kutoka geti la Marangu mpaka kituo cha Mandara, mita 2,700 hivi, ni kilomita kama 8 ndani ya msitu. Utawaona mbega, ukiwa na nguvu utamalizia kreta ndogo ya Maundi, na jioni uko nyumbani. Mwongozaji ni lazima.

Msimu unabadilisha uchaguzi?

Sana, lakini msimu wa Mtanzania ni kalenda ya shule na sikukuu: Pasaka, Idd, Juni, Nane Nane, Desemba. Hali ya hewa inafuata nyuma. Juni na Julai huku ni baridi na mlima hujifunika mawingu siku nyingi. Tarangire inapendeza kuanzia Juni mpaka Oktoba, tembo wanapokusanyika mtoni. Januari mpaka Machi, nyumbu huzaa upande wa Ndutu. Masika, Machi mpaka Mei, njia za vumbi huharibika, ila hoteli nyingi hushusha bei na migomba haijawahi kuwa ya kijani kama wakati huo.

Nina nyumba ya wageni. Nifanye nini Mtanzania anichague?

Mheshimu. Mengine yanafundishika.

Niliwahi kupeleka walimu kumi na wawili kwenye hoteli moja, sitaitaja. Tulilipa mapema, kama kila mtu. Mezani wageni wa nje walihudumiwa wakamaliza, sisi tukaletewa baadaye, na mhudumu, kijana wetu kabisa, akatuuliza kwa Kiingereza kama tumekuja kwenye semina. Mwalimu mkuu, mama wa heshima zake, hakusema kitu. Alikula kidogo akaenda kulala. Walimu wale hawajarudi huko, na kila mmoja ana shule nzima ya kusimulia.

Andika bei kwa shilingi, ionekane, mtu asilazimike kupiga simu kuomba. Weka chumba cha watu wanne, familia zetu hazilali wawili wawili. Pika mtori, machalari, na kwa upande wa Arusha loshoro. Mtanzania anayetoka Mtwara hajavuka nchi kuja kula chipsi. Mwongozaji azungumze Kiswahili kizuri na ajue hadithi: kwa nini Wachagga walichimba mifereji na mahandaki, Azimio lilitangazwaje Arusha mwaka 1967, nini kilifukuliwa Olduvai mwaka 1959. Nimegundua wazee husikiliza mambo hayo kwa hamu kuliko idadi ya meno ya kiboko.

Tuna siku moja na hela kidogo. Tuanzie wapi?

Mkiwa Arusha: asubuhi Hifadhi ya Arusha, ndogo na ya karibu, kuna kreta ya Ngurdoto, maziwa ya Momella, twiga na mbega, na Mlima Meru wa mita 4,566 umewasimamia juu. Mnaweza kutembea kwa miguu mkiwa na askari wa hifadhi mwenye silaha, jambo ambalo watoto hawalisahau. Mkirudi, piteni Duluti. Mvua ikiwazuia, mjini kuna Makumbusho ya Azimio la Arusha, na ile ya Historia Asilia ndani ya boma la Wajerumani.

Mkiwa Moshi: Materuni, mtwange kahawa wenyewe na muinywe, kisha mteremke kwenye maporomoko. Au Marangu, maporomoko ya Kinukamori na mahandaki ya Wachagga, mkirudi mle ndizi nyama barabarani. Wenye watoto wanaojua kuogelea, Chemka, siku ya katikati ya wiki kama mnaweza.

Tokeni saa kumi na mbili asubuhi. Kibo huonekana mapema, na saa nne mara nyingi imeshavuta shuka lake.